Makombo ya Sauti ya Mkwe Wangu

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usisimame katikati ukanizibia mwanga. Na hicho kikombe kiweke chini kisigongegonge. Nataka kimya, maana habari hii ina sauti za watu wengi na mimi nina mdomo mmoja. Mkiniingilia nitampa Sumu maneno ya Makali, na wale wawili hawapendi kuchanganywa hata wakiwa hawapo.

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa ukuta wa chumba cha mkwe wangu, pale njia inapokata kona. Kahawa naipika mimi, jikoni nyuma, naileta na birika. Wenyeji wa benchi ni watu watatu. Sumu anauza dawa ya panya na kunguni. Mwembamba, na akitaja kunguni hujikuna mwenyewe. Makali ananoa visu kwa jiwe alilolifunga kwenye baiskeli, na hata akija kunywa kahawa hakai: hupanda baiskeli yake iliyosimama akazungusha pedali bure. Wa tatu ananunua vyuma chakavu. Tunamwita Hakimu kwa sababu kila chombo unachomwonyesha, pasi, jiko, feni, hukitazama mara moja akatoa hukumu: hiki kimekufa.

Wote watatu hutembea na vipaza sauti, na katika vipaza vyote vitatu anasema mtu mmoja, mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tamu, ukiisikia unaacha unachokifanya. Wakawa wanakuja chumbani kwake, anawarekodia matangazo kwenye kompyuta, wanaondoka nayo mitaani, na vipaza vikichakaa vikayafuta, wanarudi kunakili upya. Kisha akaota uvimbe kooni. Alipasuliwa, akapona, lakini sauti haikurudi naye. Akifungua mdomo inatoka pumzi tu.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Alirudi kwenye kompyuta yake, akayafungua yote aliyokuwa amerekodi, hata yale yaliyoharibika, aliyokosea, aliyokohoa, aliyocheka, akayakata neno moja moja. Mteja akija na biashara mpya, mkwe wangu huokota "leo" hapa, "bei" pale, "njooni mama zangu" kwingine, akaviunga kama fundi nguo anavyounga vitambaa. Ukisikiliza vizuri utajua "karibuni" ameitoa siku aliyokuwa na mafua. Hata kuongea na sisi huongea hivyo hivyo. Ukimwuliza kitu, anabonyeza, kompyuta inajibu "haya" au "hapana". Koo lake likawa humo.

Basi asubuhi moja koo hilo likaanza kugonga. Tik. Linanyamaza. Tik, tik. Kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Picha ikaganda, mshale ukawa hautembei. Fundi wa kompyuta akaitwa, mtu mwenye begi kubwa na maneno machache. Akalaza sikio juu ya kasha la mashine kama anayesikiliza mimba.

— Diski ndiyo inayoumwa, akasema. Ndani kuna sahani inazunguka, na kuna kidole kinaisoma. Sasa kidole kinaparaza sahani. Kila mkiiwasha, inakula kidogo. Nakwenda kutafuta diski mpya nije nihamishe vilivyomo. Mpaka nirudi, isiwashwe.

Mkwe wangu akafuatana naye. Hakutaka mtu mwingine amchagulie koo. Kabla hajatoka alituangalia sote, akaweka kiganja juu ya kompyuta, halafu akatutikisia kidole. Tukaitikia kama watoto wa darasani.

Wakaondoka. Na sisi tukabaki na mlango uko wazi kwa ajili ya joto, na mashine iko mle ndani imezimwa, na hakuna aliyeweza kutulia. Makali anakanyaga pedali, jiwe linazunguka bila kisu. Sumu anajikuna. Hakimu anagonga ubao wa benchi kwa kidole, tik, tik, mpaka nikamwambia aache.

— Mimi tatizo nimeshaliona, Hakimu akaanza. Ni uzito. Miaka yote hii mnamwaga maneno mle ndani, hakuna hata mmoja anayetoa.

— Maneno yana uzito gani, bwana? Makali akamwuliza.

— Hayana? Mbona juzi yule mama wa kona alikuambia neno moja tu, ukashindwa kupanda baiskeli ukaisukuma?

— Lile si neno, lile ni tusi.

— Basi tusi ni neno lililokomaa.

Sumu alikuwa na lake.

— Mkitaka ukweli, aliyeharibu ni Makali. Tangazo lake linaanzaje? Chiiii, kisu kwenye jiwe. Fundi kasema kitu kinaparaza sahani. Wewe unadhani ni nini kinaparaza? Ni kile kisu.

— Kisu hakimo mle, kimo mlio tu.

— Mlio wa kisu unakata. Mimi ukinipitia karibu na meno unanikata.

— Nawe lako? Makali akasimamisha pedali. Lako kutwa ni kufa. Panya wafe, mende wafe, kunguni wafe na mayai yao. Chombo kinasikia kufa, kufa, kufa, asubuhi mpaka jioni. Mwishowe kimeitikia.

— Kompyuta si panya.

— Na kile kidude cha kushika mkononi, cha kuendeshea mshale? Mkia wake huuoni?

Sumu akaangalia mle ndani. Nadhani aliuona mkia, maana alikunywa kahawa yote mara moja na kuomba nyingine.

— Ninyi wote mnacheza, Hakimu akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya hukumu. Mimi nimeshika vyuma maisha yangu yote. Chuma kinajua mwenyewe. Pasi ya mtu aliyehama haipati moto tena, nimeona kwa macho yangu. Hii diski imekaa na mwenye sauti, imeona amenyamaza, nayo inajiandaa kunyamaza.

Hapo nikaweka birika chini.

— Hakimu, nikamwambia, maneno mengine ukiyapata uyameze na kahawa.

— Bibi, nasema tu.

— Ndiyo maana nakuambia umeze.

Akameza. Lakini hawa watu hawakuwa na raha, na mimi naijua sababu. Kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni mwake: fundi akirudi, akianza kuhamisha, ataanza na la nani?

— Ataanza na langu, Sumu akasema bila kuulizwa. Langu ndilo refu.

— La kwako refu ndiyo liwe la mwisho, Makali akamjibu. Wafupi tunapita kwanza, kama dukani, mwenye kitu kimoja hupishwa.

— Kwani wewe tangazo lako huwezi kusema mwenyewe? Si una mdomo?

— Nilijaribu wiki aliyolazwa hospitali. Nilizunguka mtaa mzima. Mtu mmoja akatoka na kisu, nikafurahi. Kumbe ananifukuza.

Wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakumbuka chungu changu motoni nikaenda jikoni. Nilikuwa nimeinama napuliza kuni niliposikia mkwe wangu anasema.

"Njooni mama zangu, njooni baba zangu. Leo panya halali kwenu."

Nawaambia, niliacha kupuliza. Ile ni sauti niliyoizoea, naisikia mitaani kila siku, lakini hii ilikuwa inatoka chumbani kwake. Kwa kitambo kidogo nilisahau. Nilidhani amerudi na anasema. Kisha nikasikia tik, tik, katikati ya maneno, nikajua.

Nikakimbia na mwiko mkononi. Nikawakuta wote watatu wamejibana mezani. Sumu amekielekeza kipaza sauti chake kwenye spika ya kompyuta, mdomo kwa mdomo. Ndivyo wachuuzi wanavyonakili, hawajui njia nyingine: cha mmoja kinaimba, cha mwingine kimebonyezwa kurekodi. Makali anasubiri zamu na cha kwake kifuani.

— Nani kaiwasha?

— Kimya kidogo, Bibi, Sumu akaninong'oneza, utaingia kwenye tangazo.

— Sogea bwana, unanikanyaga, Makali naye akamwambia.

— Nikisogea sauti inakuwa ndogo.

— Basi toa mguu, sauti haipitii mguuni.

— Na wewe Hakimu unabonyezabonyeza nini huko? nikamwuliza.

Hakimu ndiye aliyekuwa amekalia kiti cha mkwe wangu, mkono juu ya kile kidude chenye mkia, ulimi nje pembeni kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

— Nauokoa huu mzigo, akasema. Si niliwaambia uzito? Nimeutafuta nimeuona. Kuna folda huku chini imeandikwa Makombo. Imejaa kuliko zote. Nimesikiliza kimoja, kikohozi. Cha pili, "eee". Cha tatu, mlango unafungwa. Sasa mgonjwa wa namna hii unambebesha vikohozi vya nini? Natupa, apumue, matangazo yenu yabaki na nafasi.

Mimi kusoma sikujaliwa. Lakini nimekaa nyuma ya kiti kile siku nyingi nikimenya vitunguu, na folda ile ya chini kabisa pembeni ndiyo mkwe wangu anayoifungua kila akiketi, kabla hata ya kunywa chai.

— Hakimu, toa mkono.

— Imeniuliza kwa adabu, Bibi: una uhakika? Nimeshaijibu ndiyo.

Kwenye skrini kukawa na mstari wa kijani, unatakiwa utembee kutoka huku uende kule. Ulitembea kidogo, ukasimama. Tik. Sauti ya mkwe wangu ikakwama kwenye "kunguni", ikawa "ku, ku, ku". Tik, tik, tik. Mashine ilikuwa imezidiwa mno hata kutii haiwezi. Tukasimama tunautazama ule mstari, mimi na mwiko wangu, Sumu na kipaza chake bado kinarekodi, na hakuna aliyejua aguse nini.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Aliingia akanyoosha mkono ukutani akachomoa waya, basi. Nyuma yake alikuwa mkwe wangu, ameshika kiboksi kidogo kifuani.

Alitazama kiti chake, akamtazama Hakimu ndani ya kiti chake. Akafungua mdomo. Ile ni desturi ya mwili, hata leo bado huufungua. Ikatoka pumzi. Alikuwa na mengi ya kusema siku ile kuliko siku zote, na chombo cha kuyasemea ndicho hicho kimechomolewa. Basi akatoka nje, akachukua kikombe cha Hakimu pale benchini, akakimimina chini polepole mpaka tone la mwisho. Akachukua cha Sumu, akamimina. Cha Makali kilikuwa bado kina moto, nacho akakimimina. Akavipanga vikombe vitupu kwenye ubao, akaingia ndani.

Sijawahi kuona watu wazima wanasimama vile ukutani.

Fundi akatoa bisibisi, akafungua kasha, akaitoa diski. Kitu kidogo, kama kopo la sabuni lililobanwa. Akaiunga kwa kebo na kompyuta yake mwenyewe ya mapajani, diski mpya ikakaa ubavuni. Akasema:

— Nikiiwasha sasa ndiyo mara ya mwisho. Itasoma mpaka ichoke. Sijui itachoka lini. Nianze na nini?

Benchi halikuweza kujizuia.

— Matangazo, fundi, Sumu akasema. Yale ni mazima, yamekamilika. Anza na la panya.

Mkwe wangu akamwekea fundi kidole kwenye skrini, chini kabisa, pembeni. Makombo.

— Dada yangu, samahani kwa yote, Sumu akamwambia kwa upole, lakini hayo ni mabaki. Utaacha wali uokote ukoko?

Aliyejibu ni Makali, na alijibu akiwa anatazama viatu vyake.

— Mwacheni. Mimi tangazo langu la sasa lilitoka humo. Nilipohama soko nilimwambia abadilishe, yeye hana sauti, na bado nilipewa tangazo jipya na jina la soko jipya. Unafikiri alilitoa wapi? Aliunga. Tangazo zima ni nguo iliyoshonwa, huwezi kuivalisha mtu mwingine. Kitambaa kiko humo.

— Kwa hiyo langu life?

— Life. Na langu.

Sumu akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwetu. Fundi akaanza.

Kuhamisha huko hakuna cha kutazama, lakini tulitazama. Majina yanapita, moja moja. Yanapita mengi kwa mkupuo, halafu moja linang'ang'ania, tik, tik, fundi anaumauma mdomo, linakataa, analiruka, yanaendelea. Kila lililorukwa mkwe wangu alikuwa anafumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu shanga za shingoni mwangu bila kujua. Hakuna aliyedai kahawa.

Mara kwa mara fundi alikuwa anafungua kimoja cha diski mpya ajue kama kimefika kizima. "Leo." Kizima. "Mama zangu." Kizima. "Karibuni", ile ya mafua, nzima na mafua yake. Akafungua kingine, hakuchagua, mkono uliangukia hapo. Kwanza ikatoka sauti ya sufuria mbali, na sauti ya mwanamke mzee anaita kwa nguvu. Ni mimi. Halafu karibu kabisa, kwa kukereka, kama mtu aliyeharibiwa kazi katikati:

"Abee, mama. Nakuja, subiri kidogo."

Nami nikajikuta nimeitikia.

— Haya, nikasema.

Makali akageukia ukuta. Hakimu alinyoosha mkono nje akachukua kikombe chake, akawa anatafuta kitu ndani na kikombe chenyewe kitupu. Mkwe wangu hakunitazama, alikuwa anatazama majina yanavyopita, lakini alirudisha mkono nyuma akakishika kile kidole changu cha mwisho, akaendelea kukishika.

Makombo yalipita, si yote, mengi. Fundi akasogea kwenye matangazo. Likapita moja la zamani la mtu aliyehama. Likaanza la Sumu. Tik. Tik. Kisha ile diski ikatoa mlio mrefu mwembamba, ikatulia. Fundi akaijaribu huku na huku. Hakimu aliinama juu yake, mdomo umeshafunguka kutoa hukumu yake ya kila siku, akaufunga.

— Imetosha? nikamwuliza fundi.

— Imetoa ilichoweza, Bibi.

Mkwe wangu akachukua kiti chake. Fundi akafunga diski mpya ndani ya kasha, mashine ikawashwa, haikugonga. Mkwe wangu akabonyeza mara moja. "Haya," ikasema kompyuta. Tukapumua. Nikaenda kuleta birika, nikawamiminia wote, hata Hakimu, na maneno yakarudi benchini. Makali akaanza kueleza jinsi alivyojua tangu mwanzo. Sumu akasema kama si yeye kurekodi mapema, tangazo la panya lingezikwa.

Hapo akafika mwanamke na mzigo wa mifagio kichwani, hatumjui, ameelekezwa kwamba hapa ndipo pa matangazo. Akaketishwa, akapewa kahawa, akasimuliwa yote, kila mmoja akisimulia lake na kujipamba. Alisikiliza vizuri sana. Walipomaliza akauliza:

— Na hii mpya nayo ikifa?

Makali akashika pedali, hakuikanyaga. Sumu akamtazama Hakimu, Hakimu akamtazama fundi, fundi alikuwa anakunja kebo yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nikainua birika niwaongezee, likatoa machicha ya kahawa tu.

Basi mirathi ikagawanywa mwenyewe angali hai. Kesho yake kila mtu alileta flashi aliyonayo nyumbani, nyingine zimepasuka, nyingine za watoto wa shule, zote ndogo, hakuna hata moja iliyoweza kubeba makombo yote. Fundi akayagawa. Makali alipewa salamu zote, za asubuhi na za jioni, anazo mpaka leo ndani ya kiti cha baiskeli. Sumu alipewa majina ya vitu na bei; na tangazo lake la panya halitashonwa upya, hataki, lile alilorekodi siku ile ndilo anatembea nalo, mkwe wangu anawaita mama zangu na baba zangu, na nyuma yake Makali anasema toa mguu. Watu wanatoka nje kucheka, wananunua. Muuza mifagio alipata tangazo la kwanza lililoshonwa kwenye diski mpya, fupi, lina pengo mahali neno "fagia" lilipokataa kuhama. Hakimu tulibishana kama apewe. Mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyempa: vikohozi, vicheko, milango inayofungwa, na "hapana" za kila aina, kali na za upole. Anavitunza kwenye mfuko wa shati, na akiketi kwanza huushika.

Mimi nilipewa kile kimoja nilichokiitikia. Flashi yake nimeitunga kwenye kamba ya ufunguo wa jikoni, iko hapa, msiiguse. Kompyuta sina, wala sijui inachomekwa upande gani. Cha mkwe wangu kiko kwake ndani ya mashine. Nikimwita kutoka jikoni, chakula kiko tayari, anabonyeza, naitikiwa "Abee, mama, nakuja, subiri kidogo." Na haji. Anamalizia kwanza anachounga, kama zamani.